Galiamu katika joto la Mwanza: majaribio gani yanafaa kufanyiwa nyumbani?

Mama Kulwa (Nyegezi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Mjomba wa watoto wangu, ambaye anafanya kazi nje ya nchi, ametuletea kichupa cha plastiki chenye gramu 20 za galiamu, metali inayoyeyuka kwa joto dogo, baada ya mapacha wangu Kulwa na Doto, ambao wako darasa la sita, kumsumbua kwa simu tangu walipoona video ya kijiko kinachoyeyuka ndani ya kikombe cha chai. Bado sijawaruhusu kukifungua, lakini hata kikiwa kimefungwa kimeshatupa maswali. Kilipofika kilikuwa na donge gumu. Mchana mmoja wa jua kali nililikuta limeyeyuka lenyewe kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, nikadhani litaganda tena usiku upepo wa ziwani ukianza kuvuma. Halikuganda. Asubuhi kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 22, na bado chuma kile kilikuwa kikitikisika kama maji ndani ya kichupa, ingawa lebo inasema kinayeyuka kwenye nyuzi 30 hivi.

Naomba kueleweshwa kwanza kwa nini hakigandi pale pale kinapoyeyukia. Pili, ni majaribio gani ambayo watoto wa umri huo wanaweza kuyafanya kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani? Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, jirani yangu ambaye aliishi miaka mingi karibu na machimbo ya dhahabu huko Geita alikiona akasema kwamba hiyo ni zebaki tupu na kwamba nikitupe mbali. Sitakifungua mpaka nipate jibu la swali hili la tatu.

Mwalimu wa Pasiansi

Mama Kulwa, hongera kwa kuuliza kabla ya kufungua. Nianze na hofu ya jirani yako, kwa sababu hofu hiyo ina msingi. Zebaki hutoa mvuke hata ikiwa imekaa tu mezani, na wachimbaji wanapochoma mchanganyiko wake na dhahabu mvuke huo huwa mwingi sana na hudhuru ubongo, neva na figo. Galiamu ni elementi nyingine kabisa. Haichemki mpaka ipite nyuzi 2,200, kwa hiyo katika joto la sebuleni mvuke wake ni kidogo kiasi cha kutohesabika. Haifai kuliwa, na ikishikwa huacha weusi wa kijivu kwenye vidole, lakini weusi huo hutoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Unaweza kuhakikisha bila kufungua. Zebaki ina uzito wa gramu 13.5 kwa kila mililita moja, na galiamu iliyoyeyuka ina gramu 6.1 hivi. Gramu 20 za galiamu zitajaza zaidi kidogo ya mililita tatu, ilhali gramu 20 za zebaki hazifiki hata mililita moja na nusu. Chukua kichupa kingine kinachofanana nacho, kijaze maji kwa bomba la sindano mpaka kimo kilingane, kisha usome ni mililita ngapi umetia. Isitoshe, umesema kilifika kikiwa na donge gumu, nalo ni jibu tosha: zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri, na baridi hiyo hakuna friji ya nyumbani inayoifikia.

Sasa swali la kuganda. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.76, na kipimo hicho ni thabiti kiasi kwamba kimewekwa katika skeli ya kimataifa ya joto ya mwaka 1990 kama mojawapo ya alama za kusahihishia vipimajoto. Kuganda ni habari nyingine. Ili kimiminika kigande, atomi zinahitaji mahali pa kuanzia kujipanga, yaani punje ndogo ya galiamu iliyokwisha kuganda ambayo atomi nyingine zitaifuata. Galiamu safi iliyoyeyuka yote ikakosa punje hiyo inaweza kupoa nyuzi nyingi chini ya kipimo chake na kuendelea kuwa kimiminika. Hilo ndilo unaloliona asubuhi kwenye rafu yako.

Kwa maoni yangu, jaribio zuri kuliko yote limo humo humo, na ninashangaa kwamba watu hukimbilia kijiko cha chai na kuliacha. Wakati galiamu ni ngumu, banja kipande kidogo chenye ukubwa wa punje ya mchele ukihifadhi kwenye friji. Yeyusha iliyobaki kwa kuweka kichupa ndani ya maji ya vuguvugu, uimimine kwenye kisahani cha plastiki, uache ipoe kivulini mpaka ifike nyuzi 22 au 23, jambo ambalo kwetu linawezekana mapema asubuhi. Kisha iguse kwa ile punje. Watoto wataona mstari unaanza pale ilipogusa na kutambaa taratibu, na nyuma yake uso unaong'aa unageuka kuwa mabapa yenye kingo kali na pembe. Wakati huohuo galiamu itajipasha moto yenyewe, kwa sababu kuganda hutoa joto. Ukigusa chini ya kisahani utahisi.

Waambie pia watazame kipande kigumu kikielea juu ya galiamu iliyoyeyuka. Metali nyingi zikiganda husinyaa, na kipande chake kigumu huzama. Galiamu hutanuka kwa asilimia tatu hivi, kama yafanyavyo maji. Kwa sababu hiyo usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya kioo iliyojaa, maana itaipasua.

Fundi wa Makoroboi

Ninaafiki yote aliyosema Mwalimu, ila naomba kuongeza onyo ambalo kwa jikoni zetu ni kubwa kuliko hofu ya zebaki. Galiamu inakula alumini. Haichomi wala haitoi moshi; hupenya kati ya chembechembe zilizounda alumini na kuzitenganisha, na baada ya saa kadhaa kitu kilichokuwa kigumu kinachanika kama karatasi iliyolowa. Sasa tazama jikoni kwako, Mama Kulwa: sufuria, mifuniko, miiko, pengine na vichwa vya jiko la gesi, vyote ni alumini. Maji ya moto yachemshwe kwenye sufuria kama kawaida, lakini yamiminwe kwenye beseni la plastiki na kupelekwa uani, na galiamu isiingie jikoni kabisa. Simu na kompyuta zenye fremu ya alumini ziwe mbali, na pete na bangili zivuliwe. Mizigo ya ndege yenye galiamu huwekwa katika kundi la vitu vinavyokula metali kwa sababu hiyohiyo, kwani bodi ya ndege ni alumini.

Hata hivyo, kwa kopo la soda jaribio hilo linapendeza mno. Hakikisha kwanza kwamba kopo ni la alumini kwa kulijaribu na sumaku ya spika mbovu, sumaku isishike. Futa rangi kwa msasa sehemu yenye upana wa shilingi mpaka alumini ing'ae, weka tone la galiamu, kisha endelea kukwaruza chini ya tone kwa ncha ya msumari ili ile ngozi ya oksaidi, yaani utando mwembamba unaotokea alumini inapokutana na hewa, ipasuke. Bila kukwaruza utakaa mpaka jioni na hakuna kitakachotokea. Acha kopo juani, maana kwenye kivuli cha asubuhi tone linaweza kuganda na kazi ikasimama.

Watoto wakiuliza galiamu ina faida gani, waonyeshe taa za wavuvi wa dagaa usiku. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi mitumbwi mingi ina taa za LED. Ndani ya kila LED nyeupe kuna kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kilichotengenezwa kwa galiamu iliyoungana na nitrojeni, na unga wa njano ulio juu yake ndio unaougeuza mwanga huo kuwa mweupe. Wanasayansi watatu waliofanikisha LED ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Muungano huo hauyeyuki kwa joto la mkono, kwa hiyo asije mtu akavunja taa akitafuta galiamu.

Mvuvi wa Kayenze

Shikamooni wakubwa. Mimi naona hiyo galiamu ni kitu cha wenye ndugu Ulaya. Sisi huku mwaloni tunayeyusha risasi ya betri kuukuu kwenye kopo juu ya moto na kumimina vizito vya nyavu, na watoto hutazama. Je, haliwezi kuwa jaribio lilelile kwa gharama ndogo?

Mwalimu wa Pasiansi

Marahaba, kijana wangu. Hapana, si jaribio lilelile, na nakusihi uwaondoe watoto hapo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo tone moja likiruka linachoma mpaka ndani ya ngozi, na tone la maji likiangukia ndani ya kopo hulipuka na kurusha risasi yote. Ubaya mkubwa zaidi hauonekani. Vumbi na ukoko wa risasi, hasa ya betri, huingia mwilini kwa kupumua na kwa mikono isiyooshwa, na kwa mtoto hata kiasi kidogo hudhuru ubongo unaokua. Hakuna tiba inayorudisha kilichoharibika.

Anayetaka metali ya kumimina kwenye viunzi kwa maji ya moto atafute mchanganyiko wa bismuthi, indiamu na bati, ambao huyeyuka kwenye nyuzi 62 na hauna risasi. Maji yetu hapa Mwanza, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na bado hayo yanatosha na kubaki. Auliziwe vizuri muuzaji, kwa sababu upo mchanganyiko mwingine unaoyeyuka kwenye nyuzi 70 ambao unafanana nao kwa macho lakini ndani yake mna risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Huo usiingie nyumbani mwenye watoto.

Mama Kulwa (Nyegezi)

Nawashukuru sana. Kipimo cha bomba la sindano kilitoa mililita tatu na ushee, na jirani yangu alikuwepo akishuhudia. Ameridhika, ingawa amekataa kuigusa. Tumefanya jaribio la punje uani, kwenye mfuniko wa plastiki, kabla jua halijapanda. Mabapa yalitokea kama Mwalimu alivyoeleza, na Doto ndiye aliyegundua kwamba ukitumia kijiti kikavu badala ya punje unaweza kugusa utakavyo na hakuna linalotokea. Kulwa aliipaka kwenye kipande cha kioo kwa kidole chenye glavu, ikashika na kuwa kioo cha kujitazamia. Je, ni kweli kwamba zebaki isingeshika hivyo?

Nina mawili yaliyobaki. Ningependa wapime wenyewe ile nyuzi 29.76, lakini kipimajoto cha homa hakishuki chini ya nyuzi 35. Tena, lile kopo la soda tumeliacha juani, limeshaanza kubomoka kwa kidole. Mabaki yake niyatupe wapi?

Mwalimu wa Pasiansi

Ni kweli, Mama Kulwa. Zebaki hujikusanya kuwa shanga na kuteleza juu ya kioo; galiamu hushika, kwa sababu uso wake unapokutana na hewa hupata utando mwembamba wa oksaidi, nao ndio unaong'ang'ania.

Kwa kipimo, azima kipimajoto cha spiriti cha maabara. Kifunge ncha kwa plastiki nyembamba ili kisipakwe, kitumbukize kwenye mrija mwembamba wenye galiamu ngumu iliyovunjwavunjwa, kisha usimamishe mrija huo ndani ya maji ya nyuzi 40 na watoto waandike kipimo kila nusu dakika. Joto litapanda, litafika karibu na 30, halafu litagoma kupanda maadamu bado kuna vipande vigumu. Baada ya kipande cha mwisho kuyeyuka litapanda tena. Wachore grafu. Ikigomea kwenye 31, kasoro ni ya kipimajoto.

Grafu ikiisha, wasimulie habari ya Mendeleev, mwanakemia Mrusi aliyepanga elementi katika jedwali. Mwaka 1871 aliacha nafasi tupu chini ya alumini katika jedwali lake, akatabiri kwamba elementi itakayoijaza itakuwa na densiti, yaani uzito kwa kila mililita, ya gramu 5.9 hivi. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliipata galiamu, lakini kipimo chake cha kwanza kikawa 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa ameiona elementi yenyewe, alishikilia kwamba sampuli haikuwa safi. Iliposafishwa ikatoa 5.9.

Fundi wa Makoroboi

Kuhusu kopo: usilitie kwenye pipa la taka wala kwenye chupa yenye mfuniko. Alumini iliyoingiwa na galiamu haina tena ngozi ya kuikinga, kwa hiyo ikikutana na maji hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Tumbukiza vipande vyote kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, iwe wazi, uani, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Utaona mapovu. Iache mpaka yaishe kabisa. Alumini iliyoliwa itakuwa tope la kijivu, na ukilitikisa taratibu kwa maji ya vuguvugu utakuta matone ya galiamu yamekaa chini. Yavute kwa bomba la sindano na uyarudishe, lakini kwenye kichupa cha pili. Usiyachanganye na ile safi, kwa sababu yana chembe za alumini na yatakuharibia vipimo vyako vya joto.