Msaada: saini ya kidijitali kwenye PDF inakataliwa, ufunguo uko kwa kampuni ya nje

KahawaMoshi
Habari zenu wakuu. Niko Moshi, natengeneza mfumo wa ofisi inayouza kahawa nje. Mikataba inatoka kama PDF na mkurugenzi anaisaini kidijitali. Ufunguo wake binafsi (namba ya siri inayotengeneza saini) unatunzwa na kampuni ya kusaini, tunawasiliana nayo kwa intaneti. Yeye anathibitisha kwa simu ndipo saini irudi, na akiwa shambani Kibosho tunaweza kusubiri sana.

Ninavyofanya: mfumo unatengeneza PDF, napiga hashi ya SHA-256 (alama fupi inayokokotolewa kutoka baiti za faili), naituma hiyo hashi kwao. Saini ikirudi, mfumo unatengeneza PDF tena na kuipachika. Mteja wa Ujerumani akifungua anaambiwa waraka umebadilishwa baada ya kusainiwa, na hakuna aliyeugusa! Mzigo unasubiri mkataba huu. Kuwatumia faili zima haiwezekani, bosi hataki bei zitoke ofisini. Nisaidieni.

fundi_seva
Pole mkuu. Tatizo ni hapo uliposema "unatengeneza PDF tena". PDF mbili zenye maneno yaleyale si lazima ziwe na baiti zilezile: saa ya kutengenezwa inabadilika, na namba ya utambulisho wa faili pia. Baiti moja ikibadilika, hashi yote inakuwa nyingine.

Tengeneza mara moja tu. Acha pengo la saini humo humo, na ByteRange (orodha ndani ya PDF inayotaja baiti zinazosainiwa) ionyeshe sehemu mbili zinazopigwa hashi, kabla ya pengo na baada yake. Hifadhi faili hilo kwenye diski, hata mkurugenzi akikaa Kibosho siku mbili. Saini ikirudi, ijaze kwenye pengo la faili lilelile bila kusogeza kitu. Pengo liwe kubwa, mimi natenga baiti 8192. Saini huandikwa kwa heksadesimali, yaani herufi mbili kwa kila baiti, kwa hiyo kwenye faili inakula nafasi mara mbili. Likiwa dogo huwezi kulipanua baadaye.

Bosi naye mtoe wasiwasi: kinachotoka ofisini ni baiti 32 za hashi, bei haisomeki humo.

Dada_Njiro
Wanakurudishia nini, CMS kamili (kifurushi chenye saini pamoja na cheti cha msaini) au saini tupu?

KahawaMoshi
Nimeangalia dada, ni baiti 256 kamili.

Dada_Njiro
Basi hiyo ni saini tupu ya RSA ya biti 2048, na kurekebisha pengo peke yake hakutakutoa. PDF inataka CMS. Itabidi ukiunde mwenyewe: hashi ya waraka inaingia kwenye sifa zinazosainiwa (orodha ndogo ya taarifa ndani ya CMS), na unachowatumia ni hashi ya sifa hizo, si ya waraka. Waulize pia kama wanapiga hashi tena wakipokea. Wakiirudia bila wewe kujua, utahangaika wiki nzima na faili lako halina kosa.

Mzee wa Sakina
Kwa upande wa sheria, hapa kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua saini za kielektroniki. Ulaya wana kanuni ya eIDAS ya 2014, yenye madaraja ya saini. Muulize mteja anataka daraja gani kabla hujaandika msimbo zaidi, kijana wangu.

KahawaMoshi
Shikamoo mzee, nitamwandikia leo. Wakuu, na mhasibu akitakiwa kusaini baada ya mkurugenzi?

fundi_seva
Saini yake iongezwe mwishoni mwa faili, baiti zilizotangulia usiziguse. Programu yako ikilihifadhi upya lote, saini ya mkurugenzi inakufa hapo hapo.