Filamu za wanyonya damu za TV miaka ya 70: tuanze na ipi?

UkunguWaKibosho (Moshi)
Wakuu, salaam. Baridi ya Julai imetushika huku mlimani, jioni watu tunajifungia ndani mapema, nami nimerudia penzi langu la siku zote: filamu za wanyonya damu zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni, zile za bajeti ndogo. Wadogo zangu wanataka tuangalie pamoja Jumamosi na hawajawahi kuona hata moja. Nina tatu: The Night Stalker (1972), Dracula ya Dan Curtis aliyoigiza Jack Palance (1974), na Count Dracula ya BBC (1977). Ianze ipi?

Ninachozipendea ni kwamba hazikuwa na pesa za madoido. Halafu televisheni ya wakati ule haikuruhusu damu kumwagika ovyo mbele ya familia iliyokaa sebuleni. Mzigo wote ukamwangukia mwigizaji, mshika taa na mtu wa sauti. Mlango unafunguka, uso unabaki gizani, yaliyobaki unayamalizia mwenyewe kichwani.

BintiKaloleni (Arusha)
Ya BBC, kaka. Sehemu za ndani walizirekodi studio kwa video, za nje wakatumia filamu, kwa hiyo mtu akitoka mlangoni tu picha inabadilika sura. Wapo wanaokerwa na jambo hilo. Mimi linanivuta: ndani unajiona umekaa nao meza moja, nje unahisi umeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Na walifunga safari hadi Whitby, mji wa pwani Uingereza, kwenye makaburi yale yale ya juu ya bahari ambayo Bram Stoker aliyatumia katika riwaya yake ya Dracula ya 1897. Upepo ule haununuliwi.

Louis Jourdan, anayemwigiza Dracula, hapandishi sauti. Anaongea taratibu, kwa adabu ya mwenyeji anayekukaribisha chakula, na ndiyo maana unamwogopa. Kuna mahali anateremka ukuta wa kasri kichwa chini. Hila yenyewe nyepesi kabisa, lakini nikiiona bado naacha kutafuna. Wamegusagusa kitabu kidogo, Mina na Lucy wamekuwa ndugu, Arthur na Quincey wameunganishwa kuwa mtu mmoja, ila kwa jumla wamekiheshimu kuliko wengi waliokuja na mamilioni.

FundiRedio (Moshi, Majengo)
Dada Binti, hoja zako nazipokea, lakini hiyo inakaribia saa mbili na nusu. Kwa vijana wanaoanza ni ndefu mno. The Night Stalker ni kama saa moja na robo, na hakuna kasri wala joho la kifalme: ni Las Vegas, taa za kamari, wanawake wanakutwa wamekufa bila damu mwilini. Mwandishi wa habari Carl Kolchak, yaani Darren McGavin, anaunganisha mambo, na kadiri anavyoukaribia ukweli ndivyo wakubwa wa mji wanavyomziba mdomo. Mnyonya damu mwenyewe hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho.

Sisi tuliokuzwa na habari za mumiani hadithi hii inatuingia haraka. Utotoni hatukuogopa kasri, tuliogopa gari linalopita usiku, na zaidi tuliwaogopa watu wazima waliosemekana kujua na kunyamaza. Richard Matheson, mwandishi wa filamu hii, aliandika hofu ya namna hiyo hiyo. Watazamaji walikuwa wengi mno, ikafuata The Night Strangler 1973, kisha mfululizo wa vipindi 20.

MzeeWaNjiro (Arusha)
Mmeisahau Salem's Lot ya 1979, wanangu. Yule mtoto anayeelea nje ya dirisha, ukungu nyuma yake, anakwaruza kioo akiomba afunguliwe. Mwongozaji wake, Tobe Hooper, alijua kwamba dirisha la chumba cha kulala linatosha.

FundiRedio
Shikamoo mzee. Dirisha lile halina mpinzani, lakini ile ilitumia takriban dola milioni 4. Siiweki kundi hili.

MzeeWaNjiro
Marahaba. Pesa walikuwa nazo, lakini adabu ya televisheni iliwabana vile vile. Isingebanwa, dirisha lile lingejaa damu na leo tusingelitaja. Mimi naihesabu humu.

BintiKaloleni
Hapo nipo na mzee.

UkunguWaKibosho
Shikamoo mzee, nami nakubaliana nawe. Ila mbona Palance hana mtetezi? Humo Dracula anamwona Lucy anafanana na mkewe aliyefariki zamani, na Palance anaubeba msiba huo usoni. Anapogundua kwamba Lucy amekufa mara ya pili, mikononi mwa wale wanaojiita watu wema, anavunja kila kitu kaburini kwa uchungu. Hapo namhurumia, na huruma hiyo inanisumbua kuliko meno yake. Curtis alikwisha kuijaribu huzuni ya aina hiyo katika Dark Shadows, tamthilia ya kila siku iliyoonyeshwa 1966 hadi 1971.

Basi Jumamosi tunaanza na Kolchak, nimekubali hoja ya Fundi. Palance inafuata wiki ijayo. Ya BBC nitaigawa jioni mbili, dada usinichukie. Kiingereza cha Kolchak kinakwenda mbio, kwa hiyo nitakaa katikati yao niwe natafsiri.

BintiKaloleni
Igawe, lakini usikate kabla Jonathan, yule mgeni wa Dracula, hajatoka kasri.