Naomba ushauri: kioo cha mbele cha duka la nguo nikipangeje ili wapita njia waingie?

Gauni la Sinza:
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina duka la nguo za kike Sinza, magauni ya ofisini, ya mtoko na madera kidogo. Fremu ipo barabarani kabisa na watu wanapita wengi hasa jioni wakishuka kwenye daladala, ila ndo hivyo wanatupia jicho wanaendelea na safari zao. Akiingia ndani mara nyingi ananunua, mzigo nachukua Kariakoo nachagua mwenyewe na wateja wangu wa kudumu wanausifia, kwahiyo shida naiona iko pale mbele.

Kioo ni kikubwa, kinatoka chini mpaka karibu na dari na kinatazama magharibi. Nimeweka midoli saba kwa mstari, juu nimetundika mikoba, viatu viko chini, halafu kuna stika za malipo ya simu na bango la ofa. Mchana jua linaingia, gauni moja la zambarau limeshapauka bega zima. Bajeti ni ndogo. Nianzie wapi?

Fundi Aluminiamu:
Dada anza na mwanga kabla hujagusa nguo. Kioo kinachotazama magharibi kina mambo mawili tofauti. Asubuhi jua linapiga majengo ya ng'ambo ya barabara, kwako kuna kivuli, kwahiyo anayepita anaona hayo majengo na sura yake mwenyewe badala ya gauni. Kesho saa tatu asubuhi simama ng'ambo upige picha kwa simu utaelewa. Dawa yake ukuta wa nyuma ya midoli uwe rangi nyepesi na taa ziwake hata asubuhi.

Mchana jua linaingia lenyewe. Turubai la kivuli mbele linasaidia mpaka kama saa kumi hivi, baada ya hapo jua limeshashuka linapenya chini ya turubai. Kuna plastiki angavu ya kuzuia miale ya UV inabandikwa kwenye kioo, inapunguza kupauka ila haiondoi kabisa, kwahiyo zambarau na nyekundu zisikae mbele muda mrefu. Tinti nyeusi usiweke hata ukishawishiwa, utaficha duka.

Mama Vitenge:
Saba mingi sana mdogo wangu. Mtu anapita na haraka zake, jicho halina pa kutua. Bakisha mitatu, mmoja mpandishe kwenye boksi la mbao uwe juu ya wenzake, na yote ivae jambo moja, mfano wiki hii mtoko wa harusini tu, gauni, mkoba wake na kiatu chake hapo hapo mguuni, sio viatu kumi vimejaa chini.

Halafu umesema watu wanashukia kwenye daladala. Kama wengi wanatokea upande wa kituo basi geuza midoli kidogo iwatazame wanaokuja. Ukiitazamisha barabarani moja kwa moja, anayetembea anaona ubavu tu mpaka afike, na akifika ameshapita.

Gauni lipige pasi kwanza, likishavalishwa mdoli nyuma lishike na pini likae kiunoni vizuri. Gauni linaloning'inia kama liko kwenye hanga halimtamanishi mtu.

Kijana wa Tabata:
Weka kikaratasi cha bei pembeni ya kila gauni. Wadada wengi wakiona kioo kizuri wanajua humo ndani bei kali, wanaogopa kuingia wakiulizia waonekane hawana hela.

Muuza Mashati:
Bei nje mi siafiki mkuu, jirani anapita anaona, anauza elfu mbili chini ya bei yako.

Mama Vitenge:
Jirani bei yako ataijua tu, akitaka atamtuma mtu aulize. Weka walau ile ya kuanzia, "magauni kuanzia" kiasi fulani, ila iwe ya kweli na hilo gauni liwe kwenye kioo.

Gauni la Sinza:
Asanteni sana, hili la kugeuza midoli sikuwahi hata kulifikiria. Stika na bango nitahamishia mlangoni. Swali, taa zikiwaka asubuhi na usiku LUKU si itanimaliza? Na nibadilishe kila baada ya muda gani?

Fundi Aluminiamu:
Taa nne za LED za wati 7 zikiwaka masaa matano kwa siku, wiki nzima haifiki hata uniti moja. Chukua wom, ile ya mwanga wa njano iliyoandikwa 3000K, hii nyeupe ya 6500K inafanya nyekundu ionekane imefifia. Ielekeze kifuani kwa mdoli isije ikawapiga watu machoni, na saa kumi na mbili jioni iwe imeshawaka.

Mama Vitenge:
Kila wiki badilisha, jua lenyewe litakulazimisha. Wanaoshuka hapo kituoni ni wale wale kila siku, wakizoea hawaangalii tena. Mishahara ikikaribia toa magauni ya ofisini, Ramadhani ikifika katikati weka ya Idi mapema maana wanaoshonesha wanaanza kabla. Na kioo kifute kila asubuhi nje na ndani, vumbi la hapo Sinza unalijua.

Gauni la Sinza:
Sawa dada. Jumapili nafunga mapema napanga upya, nitaweka picha hapa mnikosoe.