Sebene inanimaliza mlimani, nifanyeje?

Wandugu, jambo. Naomba ushauri. Niko Bukavu, nimejiwekea sheria: kila asubuhi nakimbia albamu moja ya rumba, sisimami mpaka wimbo wa mwisho uishe. (Nasikiliza kwa sikio moja tu, pikipiki hazina huruma.) Shida ni sebene, ile sehemu ya wimbo gitaa linaposhika kasi. Wimbo ukianza polepole naenda vizuri. Gitaa likichachamaa miguu inajiendea yenyewe, nami nipo katikati ya mlima wa Kadutu. Juzi nilishika ukuta nikihema, mama muuza ndazi akaniuliza kama naumwa. Nimejaribu kupunguza sauti, wapi! Kuchanganya mpangilio wa nyimbo sitaki, raha ya albamu inaisha. Je, nipande mlima kwanza kabla mwili haujachoka, au nianze na albamu fupi za dakika thelathini hivi?