Vinyama vya shingoni: nivifunge uzi au niende hospitali?

FundiNgamiani (Tanga)

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wote humu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Ngamiani, mwaka wa 19 huu. Utepe wa kupimia haunitoki shingoni toka asubuhi mpaka magharibi. Miaka minne nyuma vilianza kuniota vinyama shingoni, laini, vinaning'inia kwenye kikonyo kama punje ya mtama. Juzi nimevihesabu kwenye kioo, viko 14. Haviumi, ila utepe ukivisugua vinawasha. Mwezi uliopita kimoja kilinasa kwenye mkufu kikatoka damu, ikadondokea gauni la harusi la watu. Siku ile nililia.

Usoni nina vingine, na hivyo haviningʼinii. Ni vidoti vyeusi vilivyoinuka kidogo, vimetapakaa chini ya macho na mashavuni. Marehemu bibi alikuwa navyo, mama anavyo, na binti yangu wa miaka 17 ameshaanza viwili.

Kuna dada wa saluni hapa mtaani anavichoma kwa dawa ya chupa, kimoja elfu tatu. Hasemi ni dawa gani, lakini ukiifungua inanuka mpaka macho yanatoa machozi. Jirani yangu yeye anasema nifunge uzi, au nipake utomvu wa mnyaa. Naogopa yote. Mliowahi kuvitoa, mlivitoaje? Na ni kweli damu yake ikidondokea ngozi vinaota vingine?

Jingine, nisije nikasahau. Mama yuko Pangani, ana miaka 68, ana doa jeusi kwenye wayo karibu na kisigino. Mwaka jana zahanati walimwambia ni mwiba wa zamani. Hilo nalo ni la jamii hii hii?

KakaMzizima

Dada, uzi nimeufunga mimi mwenyewe, kwapani. Siku ya pili kikawa cheusi nikafurahi, siku ya nne kwapa likavimba nikashindwa kushusha mkono. Nikaishia kupasuliwa jipu na kumeza dawa wiki nzima. Kinyama chenyewe kilibaki nusu. Usifunge.

BintiMwanza

Mimi nilichomwa saluni, shingoni, vitano. Aliyenichoma alinihakikishia ni dawa ya mitishamba. Ngozi iliungua palepale. Vitatu vimeacha mawaa meupe na viwili vimeota kovu nene linalowasha usiku, limezidi hata ukubwa wa kinyama cha mwanzo. Sasa nachomwa sindano za kulipunguza hilo kovu, na kila sindano inauma kuliko vinyama vyote vitano. Kama uliwahi kutoboa masikio yakaota kovu la kuvimba, nakuomba sana usiguse shingo yako kabla hujamwambia daktari habari hiyo.

MuuguziMstaafu (Moshi)

Marahaba mwanangu. Nitaanzia mwisho wa maneno yako, kwa mama.

Nimefanya kazi kliniki za ngozi miaka 22, mingi kati ya hiyo hapa Moshi, ambako katika hospitali ya KCMC kuna kituo cha RDTC kinachofundisha waganga wa ngozi tangu 1992. Doa jeusi la wayo kwa mtu mzima usiliweke kapu moja na vinyama vyako. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ikimpata mtu mweusi, mara nyingi hutokea pasipopigwa jua: nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Nimewapokea wazee waliokuja na mguu umeshachimbika, na kila mmoja alikuwa ameambiwa mwiba.

Mwoshe mguu, mtazame mchana penye mwanga. Doa limepita upana wa kifutio cha penseli? Kingo zimepindapinda? Weusi umechanganyika na kahawia au wekundu? Limetanuka mwaka huu, au linatoa maji? Likiwepo hata moja, mpeleke wiki hii, na lisipokuwepo mpeleke pia, maana ana miaka 68 na hajui limeanza lini. Mtu asilikwangue kwa wembe. Hospitali wakikata kipande, uliza kinapelekwa maabara gani na majibu ni lini, uandike.

Sasa shingo yako. Hivyo vya kuning'inia ni nyama laini na mishipa midogo ya damu iliyofunikwa na ngozi. Havina ubaya, haviambukizi, na damu yake haipandi mbegu popote. Hupenda kuota ngozi inaposuguana, na unene na ujauzito huvizidisha. Wewe ni fundi, utanielewa nikisema hivi: jipapase kisogo. Kama ngozi pale imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, pima sukari, asubuhi kabla hujala. Hata kama haijawa hivyo, pima. Vinyama vingi shingoni mara kwa mara huandamana na sukari inayopanda.

Kuvitoa ni kazi ndogo kwa mwenye ujuzi: ganzi, kisha mkasi mdogo uliotakaswa au ncha ya umeme, dakika chache umemaliza. Mnyaa usiuguse kabisa. Utomvu wake unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha.

Vya usoni ni vya ukoo, ngozi yetu nyeusi inavijua sana, wanawake zaidi. Haviwi saratani. Daktari anaweza kuvichoma kwa umeme mdogo, na mzuri atajaribu kimoja au viwili pembeni kwanza, asubiri aone kovu na rangi. Wakikuambia wavigandishe kwa naitrojeni, uliza mara mbili. Ile baridi ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na seli zinazotia ngozi rangi hufa mapema kuliko nyingine, ndiyo maana uso mweusi hubaki na mawaa meupe. Mimi mwenyewe usoni nina vingi, nimeviacha. Binti mwache kwanza akue.

FundiNgamiani (Tanga)

Shikamoo mama. Nimechelewa kurudi, wiki mbili zimepita.

Nilisoma jibu lako usiku, alfajiri nikapanda basi la Pangani. Nikamwosha mama mguu barazani. Doa ni pana kuliko kifutio, na upande mmoja ni kahawia, upande mwingine jeusi tii. Alikuwa amelikwangua mwenyewe kwa kisu mwezi wa Ramadhani, hakuniambia. Daktari wa mkoa alilitazama kwa kioo cha taa, hakusema mengi, akakata kipande siku ileile. Nimeandika kama ulivyosema: jina la maabara, namba ya kipande, na tarehe ya majibu, Jumanne ya wiki ijayo. Mama yuko kwangu, analala chumba cha binti.

Na mimi nilipima. Asubuhi sijala ilikuwa 6.4. Wamesema bado si kisukari ila niko njiani, nirudi baada ya miezi mitatu. Chai ya maziwa nanywa bila sukari sasa.

Vinyama bado viko 14. Utepe nimeutundika kwenye msumari kando ya cherehani.

MuuguziMstaafu (Moshi)

Umefanya vema mwanangu. Jumanne niandikie, hata kama ni usiku.