Dawa sita, nyumba mbili: tunaweka vipi hesabu ya dawa za mama?

Binti wa Likoni:
Assalaam aleikum. Mama ana miaka 71, ana presha na sukari. Anatumia metformin 500 mg asubuhi na jioni, amlodipine 10 mg, losartan 50 mg iliyochanganywa na hydrochlorothiazide, aspirini 75 mg, atorvastatin 20 mg usiku, na insulini ya mchanganyiko 70/30 mara mbili kwa siku. Asubuhi humpa mimi, jioni ndugu yangu, na wikendi yuko kwa dada Kisauni, ng'ambo ya feri. Leo tumekuta kabatini paketi mbili za amlodipine zenye majina tofauti, moja ya kliniki, nyingine ya kemisti. Hatujui kama alikuwa akimeza zote. Tupange vipi?

Mfamasia Tudor:
Waaleikum salaam dadangu. Tuanze na hizo paketi, mengine yanaweza kungoja. Jina kubwa ni la kampuni. Dawa yenyewe ni jina dogo lililo chini yake. Norvasc ni amlodipine, Glucophage ni metformin. Akimeza zote mbili za 10 mg amefika 20, na kikomo cha siku ni 10. Anaweza kuvimba vifundo vya miguu, na presha inaweza kuporomoka akisimama. Bakisheni ya kliniki peke yake. Ya pili msiitupe, iwekeni mbali kwenye mfuko wake, andikeni ISITUMIKE. Kisha mpimeni presha ameketi, halafu tena akiwa amesimama kwa dakika 3. Nambari ya juu ikishuka 20 au zaidi, au akiona kizunguzungu, aende kliniki leo leo.

Sasa hesabu. Tafuteni daftari moja, likae mfuko mmoja na dawa na livuke feri pamoja na mama. Orodha ikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, wa Kisauni atakisia. Kila dawa mstari wake: jina dogo, mg, tembe ngapi, saa, ni ya nini, na tarehe ilipoanzwa. Msiandike "ile nyeupe ndogo", maana kemisti akibadilisha kampuni rangi nayo inabadilika. Alama iwekwe mama akishameza na maji yakapita. Ikiwekwa wakati wa kutoa tembe, tembe hubaki kwenye sahani ya mahamri na daftari linasema amemeza.

Nunueni kisanduku cha vyumba 14, siku saba asubuhi na jioni. Mmoja ajaze, mwingine ahesabu: kwa orodha hii asubuhi ni tembe 4, jioni 2. Ile ya losartan ikae asubuhi, kwa sababu hydrochlorothiazide inakojosha na usiku itamwamsha.

Paketi zilizobaki pia zihesabiwe. Mkianza na tembe 30 tarehe 1, tembe moja kwa siku, asubuhi ya tarehe 11 kabla ya kumeza lazima ziwe 20. Zikiwa 22, siku mbili zilirukwa. Zikiwa 18, siku mbili alipewa mara mbili.

Tena andikeni hata za kununua na za mitishamba. Diclofenac au ibuprofen ya magoti, juu ya losartan na hydrochlorothiazide, huumiza figo. Hii naiomba sana, kwani ndiyo isiyotajwa kliniki.

Nesi wa Zamu:
Angalieni saa. Saa mbili asubuhi kwenye simu ni 8:00. Mtu akiweka kengele 2:00, italia saa nane usiku. Daftarini andikeni zote mbili: saa 2 asubuhi, 8:00. Na kwenye bahasha, 1x2 ni tembe moja mara mbili. 2x1 ni tembe mbili kwa mpigo mmoja.

Insulini ina mtego kwenye sindano. Kwa kawaida mstari mmoja kwenye sindano ya 1 ml ni yuniti 2, kwenye ya 0.5 ml ni yuniti 1. Likoni wakitumia moja na Kisauni nyingine, anayehesabu mistari atakosea kwa nusu au maradufu. Nunueni aina moja tu, na daftarini ziandikwe yuniti. Kichupa kiviringishwe viganjani mpaka insulini yote iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Kikiwa na mabonge, msitumie. Kisichofunguliwa kikae frijini nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani kikiganda kimeharibika. Bandikeni plasta yenye tarehe ya kufungua. Mdungeni kama nusu saa kabla ya kula, na chakula kiwe kimeshaiva.

Binti wa Likoni:
Shukran sana. Na dozi ikisahaulika? Na Ramadhani?

Nesi wa Zamu:
Tembe: ampe akikumbuka. Kama ya pili imekaribia, ile iliyopita iachwe. Msifidie kwa mbili. Insulini msikisie, pigieni kliniki. Akitetemeka na kutoka jasho, pimeni sukari. Chini ya 3.9 mmol/L, kama anameza vizuri, mpeni vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Ramadhani, kwa umri huo na insulini mara mbili, aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla. Wao ndio wataamua kama afunge, na dozi za daku na futari.

Binti wa Likoni:
Nimempima. Ameketi 128/76, amesimama 104/64. Anasema kichwa chepesi.

Mfamasia Tudor:
Imeshuka 24. Mpelekeni sasa hivi, asishuke ngazi peke yake. Amlodipine hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hivyo kungoja mpaka kesho hakutamsaidia. Chukueni paketi zote mbili, daftari hata kama lina ukurasa mmoja, na mashine yenyewe ya presha wailinganishe na yao.