Mrejesho: Karo ya binti yetu Texas

Habari zenu wapendwa. Niliuliza hapa namna ya kumsomesha binti yetu chuo huku Texas, kwa kuwa baba yake alitumikia jeshi la Marekani. Asanteni mno! Nilifuata ushauri wa kuanza na DD-214, ile hati ya kumaliza utumishi, ndipo nikajaza fomu za Hazlewood, mpango wa Texas wa kuwafutia karo waliotumikia jeshi na watoto wao. Mume wangu amemhamishia saa zake 150 za masomo (kipimo cha kozi za chuo), na chuo cha umma kimemfutia karo. Vitabu na bweni tunalipa wenyewe. Kaka wa binti yetu amekosa, inaniuma: ana miaka 27, mwisho ni 25. Mshauri wa Texas Veterans Commission, ofisi ya jimbo inayowasaidia waliotumikia jeshi, ametuandalia pia dai la ulemavu la mume wangu, bure kabisa; majibu bado. Dada uliyesisitiza tusimlipe dalali, Mungu akubariki.